Akikonda Penye Majani, Mfungue Mdomo
Kutambua na kutibu ugonjwa wa fizi kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo

Kipeperushi kwa wafugaji wa Mfaranyaki na kata za jirani, Songea



Kuna lalamiko ninalolisikia mara kwa mara, hasa mvua zikishakatika. Ng'ombe ameogeshwa, amenyweshwa dawa ya minyoo, amechomwa sindano ya ndigana, na bado anakonda. Wenzake wananenepa kwenye malisho yaleyale. Fedha imetumika, mnyama hana nafuu, na mwenye mifugo anaanza kusema dawa za siku hizi hazina nguvu.

Swali langu la kwanza huwa ni hili: je, umemfungua mdomo? Wengi hujibu hapana. Macho tunayatazama, kwato tunaziinua, kupe tunawatafuta masikioni na chini ya mkia. Lakini mdomo, ambao kila tonge la majani hupitia mara mbili, mara ya kula na mara ya kucheua, tunaupita tu.

Ujumbe wa kipeperushi hiki ni mmoja: kagua mdomo kabla ya kununua sindano. Ukiukagua utajua uko kwenye njia ipi kati ya tatu. Fizi mbovu ya mnyama mmoja hutibika, au hukupa sababu ya kumuuza mapema akiwa bado na bei. Vidonda vya fizi kwa wanyama wengi kwa wakati mmoja ni maradhi ya kuambukiza, na taarifa yake hupelekwa kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Na wapo wanyama wanaotoa udenda ambao hupaswi kuwagusa mdomo kabisa. Anayezichanganya njia hizi tatu anaweza kupoteza mnyama, kundi, au hata maisha yake.

MDOMO MZIMA UKOJE

Huwezi kutambua ubovu kama hujui uzima. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele upande wa juu. Mahali pake kuna ufizi mnene na mgumu, na meno 8 ya chini hubana majani dhidi ya ufizi huo. Hilo si ugonjwa, ndivyo walivyoumbwa. Nyuma ya meno ya mbele kuna nafasi isiyo na jino, kisha yanafuata magego: 6 kila upande, juu na chini, jumla 24. Mnyama mkubwa aliyekamilika ana meno 32.

Ufizi mzima una unyevu, ni mgumu, umeshika jino barabara na hauna harufu mbaya. Rangi yake ni waridi. Ng'ombe wetu wengi wa asili na baadhi ya mbuzi wana fizi nyeusi au zenye mabaka meusi. Weusi huo ni wa kuzaliwa, usikutishe.

Fahamu pia wakati wa kubadilisha meno. Ng'ombe wa asili huanza kubadilisha jozi ya kwanza ya meno ya mbele akiwa na umri wa takriban miaka 2, na humaliza jozi ya nne kati ya miaka 4 na 5. Mbuzi na kondoo huanza wakiwa na mwaka 1 hadi 1 na nusu. Katika kipindi hicho ufizi unaweza kuwa mwekundu kidogo na jino la utoto kulegea. Hiyo ni kawaida, lakini ni wakati ambao ufizi uko wazi na uchafu huingia kirahisi, kwa hiyo uangalie kwa makini.

UGONJWA WA FIZI HUANZAJE

Ugonjwa huanza kidogo kidogo. Kipande cha bua, mbegu yenye miiba au nyuzi za majani makavu hunasa kati ya jino na jino, au huchoma ufizi. Vijidudu vilivyomo mdomoni siku zote hupata mlango. Ufizi huvimba na kuachana na jino, na panatokea kifuko. Kifuko hujaa chakula, chakula huoza, na usaha hujikusanya. Baada ya muda mfupa unaoshika jino huliwa, jino hulegea, na mwishowe hung'oka.

Hapa kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya mavuno mifugo huingia mashambani kula mabua ya mahindi, na kadiri kiangazi kinavyosonga majani ya porini hukomaa na kuwa makali. Chakula cha miezi hiyo ndicho kinachochubua fizi zaidi. Ndiyo maana mnyama aliyeonekana mzima Aprili anaweza kuwa mifupa mitupu ifikapo Septemba.

Jambo la pili ni upungufu wa madini. Mnyama anayekosa fosforasi hutafuta mifupa, magome na mawe na kuvitafuna. Mfupa mkavu huvunja meno na kuchana fizi. Isitoshe, mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu inayompooza mnyama na kumuua. Ukiona ng'ombe wako anatafuna mfupa, usicheke. Anakuambia anahitaji madini.

Jambo la tatu ni umri. Meno ya mnyama mzee huchakaa, ufizi hushuka, na meno ya mbele huonekana marefu kuliko zamani kabla ya kudondoka moja moja.

Kwa wale waliohamia Ruvuma na mifugo kutoka Arusha au maeneo mengine ya Bonde la Ufa, kuna jambo la nne. Baadhi ya maji ya huko yana floridi nyingi. Mnyama aliyeyanywa tangu utotoni huwa na meno yenye madoa ya kahawia yanayochakaa haraka. Meno hayo hayatibiki, lakini ni vyema kujua chanzo ili usimtafutie mnyama dawa isiyokuwapo.

Kwa upana wa dunia, tatizo hili si dogo. Nchini Brazil, katika miaka ya 1960 na 1970, ndama waliolishwa kwenye malisho mapya yaliyotokana na kufyeka misitu waliugua fizi kwa wingi, nyuso zikavimba upande mmoja. Wafugaji wa huko waliuita ugonjwa huo kwa lugha yao "uso uliovimba". Somo kwetu ni kwamba ndama anayeota magego ni dhaifu kwa ugonjwa huu kama alivyo ng'ombe mzee.

DALILI UNAZOZIONA KABLA YA KUFUNGUA MDOMO

Anayekamua na anayechunga ndio wa kwanza kuziona. Mama anayekamua alfajiri huona maziwa yamepungua na mate yananing'inia. Kijana wa malishoni huona nani anabaki nyuma. Waulize, nao wasisite kusema.

1. Anaanza kula kwa hamu, kisha anasita au anainamisha kichwa upande mmoja.
2. Anatafuna upande mmoja tu, polepole.
3. Anadondosha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu. Asubuhi, tazama pale alipolala. Ukikuta vitonge vya majani vilivyolowa mate, huo ni ushahidi mkubwa. Ng'ombe mzima hucheua saa 6 hadi 8 kwa siku, wala hatemi tonge lake.
4. Kinyesi kina majani marefu ambayo hayakusagika.
5. Mdomo unanuka, hata ukisimama pembeni.
6. Shavu limejaa kama aliyeweka tonge, au taya lina uvimbe.
7. Anakwepa maji ya baridi, au anakunywa kidogo kidogo.
8. Anakonda ingawa hana homa wala hajapoteza hamu ya kula.

Pitisha kiganja nje ya shavu, kuanzia pembe ya mdomo kwenda nyuma, juu na chini, pande zote mbili. Akishtuka mahali pamoja, hapo ndipo penye tatizo.

USIMFUNGUE MDOMO MNYAMA HUYU

Kabla ya kumshika, simama mbali umtazame. Acha kabisa iwapo:

• Mnyama anatoa mate mengi na hawezi kumeza, analia kwa sauti iliyobadilika, anashambulia watu au vitu bila sababu, amepumbaa kuliko kawaida, au miguu ya nyuma inakosa nguvu. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa, hata kama hukuona mbwa akimng'ata. Wengi hudhani mnyama amekwamwa na kitu kooni, wakaingiza mkono. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Mfungie mnyama, watoto wakae mbali, toa taarifa. Kama mate yake yameshakugusa kwenye jeraha, jichoni au mdomoni, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, jicho au mdomo kwa maji matupu, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo. Usisubiri uone mnyama atakuwaje.

• Mnyama amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka mdomoni, puani au sehemu ya haja. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Usimfungue mdomo, usimchune, usimle, usimburute. Zuia mbwa na ndege, ita mtaalamu.

JINSI YA KUKAGUA MDOMO

Mnyama akiwa hana dalili hizo, fanya ukaguzi asubuhi kabla hajaenda malishoni. Uwe na msaidizi, tochi, maji safi, sabuni, na glavu kama zipo.

Kwa ng'ombe: Mwingize kwenye kibano cha josho au mfunge kichwa kwenye mti imara. Msaidizi ashike pua kwa kidole gumba na cha shahada. Wewe ingiza mkono kwa pembeni, kwenye ile nafasi isiyo na meno. Shika ulimi taratibu uuvute upande, naye ataacha mdomo wazi. Usivute kwa nguvu, na usipeleke vidole kwenye magego. Magego yana makali ya kukata kidole.

Kwa mbuzi na kondoo: Msimamishe katikati ya miguu yako, inua midomo kwanza uone fizi za mbele, kisha fungua kwa vidole kupitia nafasi ileile. Magego ya mbuzi ni makali zaidi, kwa hiyo yapapase kwa nje ya shavu.

Tazama kwa mpangilio: midomo, ufizi wa juu, meno ya mbele, ulimi juu na chini, mashavu kwa ndani, kisha magego kwa tochi. Gusa meno ya mbele uone kama yanacheza. Nusa. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni, na usihamie mnyama mwingine bila kuosha.

ULICHOKIONA KINA MAANA GANI

Mnyama mmoja, pole pole, hana homa. Ufizi mwekundu au uliovimba, chakula kilichonasa, usaha ukibonyeza, jino linalocheza, harufu mbaya upande mmoja. Huu ndio ugonjwa wa fizi wenyewe. Hauambukizi kundi kwa kasi.

Ndama wa chini ya miezi 3, shavu limevimba, mdomo unanuka sana, ana homa na hanyonyi. Ndani ya shavu au kwenye ufizi kuna kidonda chenye utando wa kijivu au njano. Hili ni shambulio kali la vijidudu vinavyooza nyama. Likishuka kooni ndama hukosa pumzi. Mpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo, kwani akiwahiwa hupona.

Uvimbe mgumu wa taya usiosogea. Ukiubonyeza ni kama jiwe lililoshikamana na mfupa. Baadaye hupasuka na kutoa usaha wenye chembechembe za njano kama mchanga. Vijidudu vimeingia kwenye mfupa kupitia jeraha la ufizi. Ukiwahiwa, mtaalamu anaweza kuuzuia usiendelee, ila mfupa ulioharibika haurudi.

Ulimi mgumu kama ubao, unatokeza nje, mate yanatiririka. Huu ni ndugu wa ugonjwa uliotangulia, lakini unashika nyama laini. Ukitibiwa mapema hupona vizuri.

Wanyama wengi kwa siku chache, wana homa, udenda mrefu kama kamba, wanapigapiga midomo na kuchechemea. Malengelenge yaliyopasuka kwenye ulimi, fizi, kati ya kwato na kwenye chuchu. Huu ni ugonjwa wa miguu na midomo. Inua mguu kabla ya kusema ni fizi. Mdomo na kwato vikiumwa pamoja, jibu umelipata.

Mbuzi na kondoo wengi, homa kali, machozi na makamasi, kuhara, kukohoa, fizi zimefunikwa na utando kama pumba zilizolowa. Hii ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, na baadaye ikafika kusini, mkoani Mtwara, kwa hiyo mtu wa Ruvuma asiseme ni ugonjwa wa mbali. Wazee wanaikumbuka sotoka ya ng'ombe, ambayo ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ile imekwisha, lakini hii ya mbuzi bado ipo.

Magamba na vidonda kwenye midomo ya vitoto vya mbuzi. Huenda ni ndui ya midomo. Humpata pia binadamu mikononi, hivyo vaa glavu, na watoto wasiwalishe kwa mikono mitupu.

Fizi nyeupe au za njano, bila kidonda. Hapo ufizi hauumwi, unakupa habari za damu. Weupe huashiria upungufu wa damu kutokana na minyoo, nagana au kupe wengi. Njano huashiria ini au ndigana baridi. Mnyama mwenye fizi nyeusi mtazame ndani ya kope ya chini.

MATIBABU YA UGONJWA WA FIZI

Hatua za nyumbani

1. Toa kilichonasa. Mara nyingi ni mwiba au kipande cha bua. Tumia vidole au kibanio safi, usichokonoe kwa kisu.

2. Osha kwa maji ya chumvi. Chemsha maji yapoe hadi uvuguvugu. Nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Tumia chupa ya plastiki au bomba la sindano lisilo na sindano, na uelekeze maji kwenye ufizi unaoumwa. Kichwa kiwe sawa au kiinamishwe kidogo. Ukiinua pua juu, maji yataingia mapafuni, nawe utageuza tatizo la ufizi kuwa kifo. Rudia mara 2 kwa siku kwa siku 5 hadi 7.

3. Mpe chakula laini. Majani mabichi, pumba iliyolowekwa, mashudu, au mabua yaliyokatwa vipande vidogo na kulowekwa usiku. Mtenge asipambane na wenye nguvu. Maji yawe karibu.

4. Mtazame siku ya tatu. Ufizi ukiwa bado umevimba, una usaha, au shavu limejaa, muite mtaalamu.

Hatua za mtaalamu

Mtaalamu atasafisha kifuko, atatoboa jipu lililoiva, na atang'oa jino lililolegea kwa ganzi na vifaa vyake. Jino linalocheza likiachwa, sindano hata kumi hazitaponya, kwa sababu uchafu utaendelea kuingia palepale. Ataamua pia kama kuna haja ya viuavijasumu, yaani antibiotiki kama penisilini au oksitetrasaiklini. Kwa ulimi mgumu na uvimbe wa taya ipo dawa ya aidini ya kuchoma kwenye mshipa. Hiyo ni ya mtaalamu peke yake.

Kuhusu sindano naomba tuelewane. Kipimo hutokana na uzito wa mnyama na nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa. Chupa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti. Ukikisia chini, vijidudu huzoea dawa. Maliza siku ulizoambiwa hata akionekana amepona siku ya pili.

Kisha subiri. Kila chupa imeandikwa siku ambazo maziwa yasinywewe na nyama isiliwe. Kwa maziwa mara nyingi ni siku kadhaa, kwa nyama ni wiki kadhaa. Maziwa hayo usimpe mtoto, usiuze. Mfunge mnyama kamba ya rangi shingoni ili kila anayekamua ajue.

Wanyama wengi wakiugua pamoja

Usianze kwa sindano. Ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi husababishwa na virusi, na antibiotiki haviuwi virusi. Fanya hivi: zuia kundi lote nyumbani, usiwapeleke mnadani wala kwenye maji ya pamoja, usipokee mifugo mipya, na toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya kijiji au mtaa. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa. Wengi huficha wakiogopa karantini. Lakini anayeficha huwaambukiza majirani, nao kesho watamrudishia ugonjwa uleule. Ukiwahi, sampuli huchukuliwa, maabara huthibitisha, na walio wazima huweza kuchanjwa. Wagonjwa watunzwe kwa maji safi, chakula laini, kivuli, na kuoshwa vidonda kwa maji ya chumvi.

MAMBO YA KUACHA

• Kuchoma shavu au taya kwa chuma cha moto. Unaongeza kidonda juu ya kidonda, na ngozi unaiharibu.
• Kung'oa jino kwa koleo la fundi. Taya huvunjika, mizizi hubaki ndani.
• Kusugua fizi kwa majivu, tumbaku, magadi makali au maji ya betri. Huunguza ufizi uliobaki.
• Kusugua mdomo wa mgonjwa kwa kitambaa kisha kukihamishia kwa wazima ili "wote waugue wamalize". Hujui ni ugonjwa gani unaousambaza.
• Kumpa mnyama dawa iliyobaki ya mwaka jana.

TIBU AU UZA?

Hili ni swali la mfuko, na lina jibu. Ng'ombe huvuta majani kwa ulimi, kwa hiyo aliyepoteza meno machache ya mbele bado anaweza kuishi vizuri penye majani marefu. Shida humpata majani yakiwa mafupi. Kondoo na mbuzi wakipoteza meno ya mbele huumia mapema zaidi, hasa kondoo anayekula chini kabisa. Lakini mnyama yeyote anayepoteza magego amepoteza kinu chake. Atakula na hatashiba.

Kwa hiyo: mnyama kijana, ufizi umevimba, meno yameshika, mtibu. Mnyama mwenye jino moja bovu na bado ana miaka ya kuzaa, litolewe, atunzwe. Jike mzee ambaye magego yameisha, au mwenye uvimbe mkubwa wa taya, usimtupie fedha za sindano. Muuze kwa nyama akiwa bado na mwili, baada ya siku za kusubiri dawa kupita. Tofauti ya kumuuza Mei na kumuuza Oktoba unaijua mwenyewe. Ng'ombe yuleyule ambaye Mei angelipa karo, Oktoba humpati hata mnunuzi wa kumtazama.

KINGA

1. Kagua midomo ya kundi lote mara mbili kwa mwaka: Mei kabla kiangazi hakijakaza, na Novemba kabla ya mvua. Andika kwenye daftari nani ana tatizo.
2. Weka jiwe la madini au chumvi yenye fosforasi mwaka mzima. Mifupa na mizoga ifukiwe.
3. Mabua yakatwe, yalowekwe kwa wanyama wazee na ndama. Ondoa waya, misumari na mifuko ya plastiki zizini.
4. Vyombo vya kunyweshea ndama vioshwe, na ndama wagonjwa watengwe.
5. Wape chanjo za mbuzi na kondoo zinapotangazwa. Mgeni zizini akae peke yake kwa siku 21.

UKIENDA MNADANI

Usilipe kabla ya kuinua mdomo. Hesabu meno, gusa yanayocheza, papasa mataya, nusa. Muuzaji akikataa usifungue mdomo, rudisha fedha yako mfukoni. Ukiona udenda na kuchechemea kwa wanyama kadhaa, ondoka, oshe viatu vyako kabla ya kuingia zizini kwako, na toa taarifa.

KUMBUKA

Mnyama mmoja anayetema matonge: kagua, osha, lainisha chakula, tazama siku ya tatu. Wanyama wengi wenye udenda: zuia, toa taarifa. Mate mengi na tabia iliyobadilika: usiguse.

Kipeperushi hiki kisomwe kwa sauti nyumbani, hata kwa asiyejua kusoma, kisha kitundikwe karibu na zizi. Na kesho asubuhi, kabla kundi halijatoka, tazama ardhi pale walipolala.